Seli kufa na kinga ya mwili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mtwara na Lindi

Maswali haya yametoka kwa wanafunzi wa kidato cha tano na sita, wazazi wanaosubiri zamu kliniki, wabanguaji wa korosho na wasomaji wa kawaida wa mikoa hii miwili. Mengi yanaanzia mahali pamoja: mtu kaambiwa "kinga yako imeshuka", anatafuta cha kuipandisha. Majibu yangu mengi yatamrudisha kwenye jambo lisilosemwa sana, kwamba kinga nzuri ni ile ambayo seli zake zinakufa kwa wakati, kwa namna inayofaa, na mabaki yake yanaondolewa.

Seli zikifa mwilini, si ndiyo ugonjwa wenyewe?

Si lazima. Hapo ulipo seli zako nyingi zinakufa na hujisikii chochote. Chembe nyekundu ya damu huishi takriban siku 120. Neutrofili, yaani chembe nyeupe inayowahi kufika penye kidonda, haimalizi hata wiki. Uboho wa mifupa hutengeneza takriban bilioni 100 za aina hiyo kila siku, na kila siku idadi inayokaribiana na hiyo inakufa. Ukikamua jipu, usaha unaoutazama sehemu kubwa ni neutrofili zilizofia kazini.

Nani aligundua kwamba seli hujiua yenyewe?

Mwaka 1972 John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie walieleza aina ya kifo ambacho seli husinyaa na kugawanyika kwa utaratibu, wakakiita apoptosi. Kwa miaka kadhaa waliojali walikuwa wachache. Halafu ukaja mnyoo mdogo wa milimita moja, C. elegans. Katika ukuaji wake hutengeneza seli 1,090, na 131 kati yake hufa, zilezile, kwa kila mnyoo. Kwa kazi iliyoanzia kwa mnyoo huyo, Sydney Brenner, Robert Horvitz na John Sulston walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Wanafunzi wengi huishia kwa mnyoo. Mimi ningeanzia Melbourne, 1988, ambako David Vaux na wenzake walionyesha kuwa jeni iitwayo bcl-2, inayohusika na saratani fulani ya limfu, haizifanyi seli zizaliane haraka. Inazizuia kufa. Kabla ya hapo saratani ilitazamwa zaidi kama tatizo la seli kugawanyika ovyo. Hapo ndipo watu wa kinga walipoanza kuuliza kwa uzito: chembe nyeupe isipokufa, inakuwaje?

Seli inajiuaje?

Kuna njia mbili kubwa. Ya kwanza inaanzia ndani: seli ikiharibika au ikikosa ishara za kuishi, mitokondria zake, yaani vinu vyake vya nishati, huvuja protini iitwayo saitokromu c. Ya pili inaanzia nje: seli nyingine inagusa kipokezi kilichoko juu ya utando, maarufu zaidi kikiwa Fas. Njia zote mbili zinakutana kwenye vimeng'enya vinavyoitwa kaspasi, ambavyo kazi yake ni kukatakata protini za ndani. DNA inakatwa vipande, seli inasinyaa, inagawanyika kuwa vifurushi vyenye utando, na kilichomo hakimwagiki.

Jambo la maana zaidi hutokea kwenye utando. Kuna mafuta yaitwayo fosfatidilserini ambayo kwa seli nzima hukaa upande wa ndani. Seli inapojiua, mafuta hayo hugeuzwa nje. Makrofaji, zile chembe kubwa zinazomeza uchafu, zikiyatambua huimeza seli hiyo mapema. Na zikishameza hutoa ishara za kutuliza, kama interleukini-10 na TGF-beta. Kwa hiyo kifo cha namna hii kinaiambia kinga itulie.

Chembe zinazoua seli zilizoambukizwa, yaani seli T za kuua na zile zinazoitwa NK, hutumia mtambo huohuo. Hutoboa utando wa adui kwa protini iitwayo perforini, huingiza vimeng'enya viitwavyo granzimu, na seli yenye kirusi inajimaliza kwa kaspasi zake yenyewe.

Mikono ya wabanguaji wa korosho huwa myeusi na kubanduka ngozi. Nayo ni apoptosi?

Sehemu ndiyo, sehemu siyo, na swali hili nalipenda kwa sababu mkono mmoja unaweza kuonyesha aina zote mbili.

Ganda la korosho lina mafuta makali, yenye asidi ya anakadi na kadoli. Yakigusa ngozi bila glavu, huunguza palepale. Seli zinapasuka na vilivyomo vinamwagika. Hiyo ni nekrosi. Vitu ambavyo kwa kawaida hukaa ndani ya seli, zikiwemo DNA na protini za kiini, vikionekana nje, kinga huvisoma kama tangazo la hatari: mishipa inatanuka, neutrofili zinamiminika, mkono unavimba na kuuma. Ngozi inakuwa nyeusi, kisha inabanduka.

Sura ya pili inakuja baadaye, siku moja au mbili baada ya kugusa, kwa mtu ambaye mwili wake ulishayazoea mafuta hayo vibaya. Hapo wanaofika ni seli T. Zinazikuta seli za ngozi zilizoshikwa na kemikali, zinaziona kama ngeni, na kuziamuru zijiue kwa njia ya Fas na granzimu. Ngozi inawasha, inatoa malengelenge ya maji, wakati mwingine hata mahali ambapo mafuta yaligusa kidogo tu. Ndiyo maana wabanguaji wawili kwenye benchi moja wanaweza kuishia na mikono tofauti kabisa. Mwembe na mkorosho ni familia moja, kwa hiyo wapo wanaoumuka midomo wakimenya embe kwa meno.

Glavu zinazuia sura zote mbili. Dawa ya kupaka ya kutuliza mzio inasaidia ile ya pili, lakini haiwezi kurudisha ngozi iliyokwisha kuungua.

Kuna na kifo cha tatu, pairoptosi. Hapa seli inajiua kwa makusudi lakini inachagua kupasuka, kwa kutumia protini iitwayo gasdermini D inayotoboa utando wake kutoka ndani. Ni njia ya kupiga kelele kwamba kuna bakteria ndani. Kikizidi, mgonjwa anaingia kwenye mshtuko wa maambukizi.

Mtoto akipata kidonda mguuni anatokwa na mtoki, baadaye unanywea wenyewe. Unaenda wapi?

Unakufa. Huo mtoki ni tezi ya limfu iliyojaa seli T na B, chembe nyeupe zinazotambua adui, zilizozaliana kwa kasi. Seli T moja iliyotambua bakteria wa kidonda inaweza kutoa maelfu ya nakala zake ndani ya wiki. Kidonda kikipona, kati ya kila 100, takriban 90 hadi 95 hufa katika wiki chache. Zinazobaki ni seli za kumbukumbu, na hizo ndizo zitakazowahi siku bakteria huyo akirudi.

Kinachoziua ni vitu viwili. Wakati wa vita zilikuwa zinalishwa ishara za kuishi, kama interleukini-2. Adui akiisha ishara zinakauka, na ndani ya seli protini ya kuua iitwayo Bim inaishinda Bcl-2 iliyokuwa inailinda. Na zile zilizochokozwa mara nyingi kupita kiasi huwa na Fas nyingi juu yake. Zikikutana na protini inayoigusa Fas hiyo, zinakufa. Huo ni ulinzi dhidi ya seli zinazopiga kitu kisichoisha, kwa sababu kitu kisichoisha mwilini mara nyingi ni mwili wenyewe.

Mtoki ukikaa zaidi ya wiki nne, ukiwa mgumu, au ukiambatana na homa, jasho la usiku na kupungua uzito, peleka mgonjwa akachunguzwe. Usiuchue.

Mwalimu, seli T zinajuaje zisiushambulie mwili wetu?

Nyingi huuawa kabla hazijaanza kazi. Nyuma ya mfupa wa kifua kuna tezi iitwayo thaimasi, kubwa utotoni, inayonywea na kugeuka mafuta baada ya kubalehe. Seli T changa zinapitishwa humo kama korosho zinavyopitishwa kwenye ghala la chama cha msingi: sampuli inapimwa unyevu, inakatwa, na isiyofaa haipandi kwenye mzigo. Tofauti ni kwamba kwenye thaimasi kila moja inapimwa, na iliyokataliwa hairudi kwa mkulima.

Vipimo ni viwili. Kwanza, je, inaweza kushika kabisa vibebeo vya mwili vinavyoonyesha vipande vya protini? Nyingi haziwezi, na hufa kwa kukosa wa kuzijali. Pili, je, inazishika protini za mwili wenyewe kwa nguvu mno? Nayo inauawa. Ili kipimo hicho kiwe cha haki, thaimasi ina jeni iitwayo AIRE inayotengeneza humohumo protini za viungo vya mbali, kwa mfano za kongosho. Zinazotoka salama hazifiki 5 kati ya 100.

Zikikataa kufa?

Kuna watoto wachache duniani wanaozaliwa na Fas yenye kasoro. Tezi zao huvimba na hazinywei, bandama inakuwa kubwa, na kinga inakula chembe za damu yao wenyewe. Ugonjwa huu ni adimu, lakini ndio uliofundisha kwamba Fas si mapambo.

Upande mwingine ni lupasi, ugonjwa ambao kinga hushambulia mwili wenyewe. Huko seli zinakufa ila mabaki hayaondolewi haraka. Yakikaa yanaoza, DNA inabaki wazi, kinga inaitengenezea kingamwili. Watu waliozaliwa bila protini ya damu iitwayo C1q, inayosaidia kusafisha mabaki, karibu wote hupata lupasi.

Kwa wazazi wa huku nasisitiza zaidi uvimbe wa taya. Saratani aliyoieleza daktari Denis Burkitt mwaka 1958 akiwa Uganda huwapata watoto katika ukanda wenye malaria nyingi, na sisi tumo. Malaria ya kurudia-rudia huzichochea seli B zizaliane, kirusi cha Epstein-Barr kinazisaidia zisife, na jeni ya MYC ikihama mahali pake zinapoteza breki. Uvimbe unakua kwa siku, meno yanalegea. Wengine hupoteza wiki nzima wakidhani ni jino. Nenda hospitali mara moja, maana saratani hii ikiwahiwa wengi hupona kwa dawa.

Chikungunya iligunduliwa kwetu. Kwa nini viungo huuma miezi mingi baada ya homa kuisha?

Ni kweli, mlipuko wa kwanza kuelezwa kitabibu ulikuwa Newala na uwanda wa Makonde, 1952 hadi 1953, na Marion Robinson na W. H. R. Lumsden waliuandika mwaka 1955. Anayejua Newala anajua shida ya maji ya uwandani. Maji yanayowekwa ndani kwa siku nyingi ndiyo anayoyapenda mbu wa Aedes. Tangu hapo kirusi kimezunguka dunia. Mwaka 2005 na 2006 kilikipiga kisiwa cha Réunion na kuambukiza takriban theluthi ya wakazi.

Kwa mada yetu chikungunya inavutia kwa ujanja wake. Seli iliyoingiliwa inajaribu kujiua mapema ili kirusi kisizaliane. Mwanzoni seli hutumia pia utaratibu wa kujisafisha unaoitwa otofaji, na huo unachelewesha kifo. Baadaye inapojiua na kugawanyika vifurushi, kirusi kinapanda humo. Majirani wanameza vifurushi kwa amani, maana fosfatidilserini imewaambia watulie, na kirusi kinaingia bila kelele. Maabara walipozuia kaspasi, uenezi wa kirusi ulipungua.

Miongoni mwa wanaomeza ni makrofaji, na makrofaji hukaa kwenye utando wa viungo. Chembechembe za urithi za kirusi zimewahi kukutwa kwenye utando wa kiungo cha mgonjwa miezi 18 baada ya homa. Kwa hiyo bibi anayelalamika magoti asubuhi miezi kadhaa baada ya "dengue" iliyompita asiambiwe ni uzee tu. Apumzishwe viungo, apewe dawa za maumivu kwa ushauri, na damu yake ipimwe kuondoa mashaka mengine.

Na malaria?

Kimelea kinaanzia kwenye ini, na huko hakitaki seli ife mapema. Kwenye vimelea vya panya imeonekana kwamba kinaizuia seli ya ini isigeuze fosfatidilserini nje, kisha kinaingia kwenye mishipa ya damu kikiwa kimefungwa ndani ya utando wa seli hiyohiyo, mbele ya makrofaji za ini zisizostuka.

Kwenye damu mambo yanageuka. Chembe nyekundu haina kiini, lakini ina namna yake ya kufa, na katika malaria hata zisizo na kimelea huondolewa na bandama kwa wingi. Ndiyo sababu mtoto anaweza kuwa na vimelea vichache kwenye kipimo huku weupe wa macho na viganja ukionyesha damu imeisha.

Kwenye kifua kikuu ni ipi bora, seli ife au iishi?

Inategemea inakufaje. Bakteria wa kifua kikuu huishi ndani ya makrofaji. Makrofaji ikifa kwa apoptosi, bakteria hufungiwa kwenye vifurushi, makrofaji nyingine zinavimeza, na seli T zinaonyeshwa sura ya adui mapema. Bakteria wakali huzuia njia hiyo na kuisukuma seli kwenye nekrosi. Seli inapasuka, wao wanatoka. Tishu ya pafu inalainika, linabaki tundu, na kwenye tundu ndiko kikohozi kinakochota bakteria wa kuambukiza watu wa nyumbani.

VVU huua CD4. Basi nikinywa dawa ya kuongeza kinga si zitarudi?

CD4 ni seli T zinazoongoza kinga, na za mtu mzima mwenye afya huwa kati ya 500 na 1,500 kwa kila milimita ya ujazo ya damu. Chini ya 200 hali ni mbaya. Watu hudhani kila CD4 inayokufa ilikuwa na kirusi kinachozaliana ndani yake. Katika vipande vya tezi vilivyochunguzwa maabara, nyingi mno zilizokufa hazikuwa hivyo. Kirusi kiliingia, kikakwama njiani, seli ikagundua mabaki yake na kujilipua kwa pairoptosi. Mlipuko unaita CD4 nyingine, nazo zinafika na kuingia mkumbo huohuo.

Sasa fikiria unga au chupa ya "kuongeza kinga" inayouzwa stendi. Hata kama kweli ingeongeza seli, ingezipeleka palepale zinapouawa. Kinachokata mzunguko ni dawa za kufubaza virusi, zinazopatikana bure kliniki za tiba na matunzo. Virusi vikifubaa, seli zinaacha kulipuka na CD4 zinapanda zenyewe. Nimekutana na watu walioacha ARV wakashika chupa, na sina maneno laini kuhusu wauzaji wake.

Surua inahusikaje?

Kirusi cha surua huingia moja kwa moja kwenye seli za kumbukumbu na kuziua. Mtoto anapona surua lakini amesahau magonjwa aliyokwisha kuyashinda, na kwa muda mrefu huugua ovyo. Chanjo ya surua na rubela hutolewa miezi 9 na miezi 18. Dozi ya pili ndiyo wazazi wengi huisahau.

Nikimeza dawa za matende na mabusha napata homa na kuwashwa. Zinaua seli zangu?

Haziui seli zako. Zinaua vichanga vya minyoo vilivyomo kwenye damu. Vikifa kwa wingi humwaga vilivyomo, wakiwemo bakteria wa Wolbachia wanaoishi ndani ya minyoo hao, na kinga inapandisha homa. Kwa kawaida huisha ndani ya siku chache. Anayepata homa hiyo mara nyingi ndiye aliyekuwa na vimelea, kwa hiyo asikimbie mgawo wa mwaka unaofuata. Akizidiwa, arudi kwa mgawa dawa au zahanati.

Ni kweli funga ya Ramadhani inaua seli mbovu?

Ujumbe huu husambaa WhatsApp kila mwaka, ukitaja Nobel. Tuzo ya 2016 ya Yoshinori Ohsumi ilihusu otofaji, seli kumeng'enya sehemu zake zilizochakaa ili iendelee kuishi, na kazi yake kubwa aliifanya kwenye hamira. Hakupima wafungaji. Funga ina fadhila zake kwa mwenye imani na haihitaji kuazimiwa hamira ya Kijapani. Mgonjwa wa kisukari au selimundu azungumze na daktari kabla, hasa kuhusu dawa na maji.

Prednisoloni na dexa zinafanya nini hasa?

Hizi ni dawa za jamii ya steroidi (dexa ni deksamethasoni). Zinaua limfosaiti, yaani chembe nyeupe kama seli T na B, kwa apoptosi, pamoja na kuzima ishara za uvimbe. Ndiyo maana zinatibu lupasi, pumu kali na baadhi ya saratani za damu. Na ndiyo maana nakasirika nikiona zinamezwa ili mtu anenepe. Kuna mnyoo wa udongoni, strongiloidi, anayeweza kukaa mwilini miaka mingi bila mwenyewe kujua. Seli zinazomzuia zikiuawa kwa dexa, huzaliana na kutawanyika mpaka mapafuni na kwenye ubongo, na wengi waliofikia hapo hawaponi. Ambaye ameandikiwa na daktari kwa muda mrefu asiache ghafla pia, kwa sababu tezi za juu ya figo huwa zimelala.

Nawezaje kupimwa kama seli zangu zinakufa inavyotakiwa?

Hakuna kipimo cha kawaida cha hilo kwenye zahanati au hospitali ya mkoa. Kipimo cha picha kamili ya damu kinaonyesha idadi: chembe nyeupe zikiwa nyingi au chache mno, daktari anajua pa kuanzia. Kupima vifo vya seli zenyewe hufanywa kwenye maabara za utafiti kwa mashine za kuhesabu seli moja moja. Ukiuziwa "kipimo cha kinga" cha kushika kijiti cha chuma mkononi na kusoma matokeo kwenye kompyuta, hakijapima seli yoyote.